Penzi Lisilo na Shahidi

Kila mwezi, kabla jarida halijaenda kiwandani, tunakaa mezani na kugombana. Tunagombania picha ya jalada, tunagombania nani kachelewesha makala, tunagombania hata chai. Safari hii tuligombana kwa sababu ya neno moja tu.

Mwandishi wetu mmoja alileta makala kuhusu wapenzi wanaofanya kazi ofisi moja. Katikati ya Kiswahili chake kizuri akachomeka "clandestine relationship", akaendelea mbele kama vile hakuna kilichotokea. Nikamwambia, mdogo wangu, msomaji wetu analipia Kiswahili, hebu litafutie hilo neno mwenzake. Akaandika "uhusiano wa siri". Mhariri wa picha akatikisa kichwa, eti siri ni kitu kingine, hata zawadi ya kumshtukiza mwenzio siku ya kuzaliwa ni siri. Mwingine akasema "wa kificho". Mwingine "wa chini kwa chini". Mhasibu, ambaye alikuwa amekuja kudai risiti zake za teksi, akasema kwa Dar es Salaam hii hilo neno ni "wa wizi" tu, mnajisumbua bure. Tukacheka, lakini hatukukubaliana.

Aliyetumaliza ni dada mmoja wa Nairobi anayetusaidia kupanga kurasa. "Kwetu hilo neno halihitaji tafsiri," akasema. "Kwetu ni mtu."

Ni kweli. Wakenya walilikata mkia neno hilo wakabakiza "clande", linatamkwa klande, na maana yake ni yule mpenzi wa pembeni ambaye mwenye mali hapaswi kumjua. "Jamaa ana clande South B," wanasema, na kila mtu mezani anaelewa. Sisi huku tulisema nyumba ndogo, baadaye tukasema mchepuko. Wao wakachukua kivumishi cha Kiingereza, wakakivalisha gauni na viatu, kikawa binadamu.

Nilirudi nyumbani na neno hilo kichwani. Sababu yenyewe haikuwa lugha. Ilikuwa rafiki yangu mmoja, na nitafika kwake. Kwanza tumalizane na neno.

Si kila siri ni hiyo

Asili yake ni Kilatini, "clandestinus", linalotokana na "clam", yaani kwa siri. Waingereza walilipokea katika karne ya 16 na tangu hapo halijawahi kuwa neno la sifa njema. Hapo ndipo penye utamu wake. Neno "secret" kwa Kiingereza halina upande. Siri inaweza kuwa nzuri, mbaya, ya kitoto, ya kijeshi. Lakini ukisema jambo ni "clandestine" umeshatoa nusu ya hukumu. Umesema kwamba jambo hilo limepangwa, kwamba lina watu zaidi ya mmoja ndani yake, na kwamba kuna mtu au mamlaka fulani ambayo ingelijua ingelizuia. Kikao kinaweza kuwa hivyo. Biashara inaweza kuwa hivyo. Ndoa pia, na hiyo ndiyo itakayotupeleka mbali leo.

Mtu mwenyewe haitwi hivyo. Ukitaka kumlaumu mwenzio kwamba ni wa kufichaficha, Kiingereza kinakupa "secretive". Hiyo ni tabia ya mtu, kama vile uchoyo. "Clandestine" ni hali ya jambo lenyewe. Tofauti inaonekana ndogo mpaka siku unapogombana na mpenzi wako kwa Kiingereza, kama wengi wetu tunavyofanya siku hizi. (Sijui kwa nini, lakini ugomvi wa mapenzi ukipanda tu, wasomi wa mji huu wanahamia Kiingereza. Kuombana msamaha wanarudi kwenye Kiswahili.)

Neno hilo lina ndugu zake. Kuna "furtive", linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya mwizi. Ndilo lile jicho la haraka analotupa mwenzio kwenye simu yake inapotikisika mezani, halafu anaigeuza kifudifudi. Kwa hiyo mhasibu wetu na wizi wake hakuwa mbali sana. Kuna "surreptitious", ambalo mzizi wake ni kunyakua kitu bila mwenyewe kujua, na hilo ndilo wewe unalofanya akiingia kuoga ukaichukua ile simu. Hayo mawili ni mambo ya dakika. "Clandestine" si la dakika. Lina ratiba, lina visingizio vilivyoandaliwa, lina jina la uongo kwenye simu. "Fundi Gesi" anapopiga saa nne usiku, huyo si fundi, jamani.

Wafaransa nao wana neno hilohilo, na kwao "passager clandestin" ni yule anayejificha ndani ya meli bila tiketi, ambaye sisi tunamwita mzamiaji. Cameroon wakalifupisha kama Wakenya, ila wao hawakulipeleka kitandani. "Clando" ya Cameroon ni teksi isiyo na leseni. Napenda picha hiyo. Gari linatembea, abiria wanafika, nauli inalipwa. Siku likipata ajali ndipo inapojulikana kwamba hakuna karatasi yoyote inayolitambua.

Kwetu msiri ni mtu mwema

Sasa angalia Kiswahili. Mwingereza akikwambia wewe ni "secretive" amekutukana kiaina. Mswahili akikwambia wewe ni msiri wake amekupa cheo. Msiri ni yule unayemweleza mambo yako akayatunza, mwandani wako. Neno ni lilelile siri, lakini limeegemea upande mwingine kabisa. Kwetu siri ni kitu cha kukabidhiana, siyo cha kukabana nacho koo.

Halafu tuna faragha. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu utupu, nafasi isiyo na kitu wala mtu. Watu wawili wakitaka faragha hawafichi jambo, wanaomba nafasi tu. Kila mtu kwenye nyumba anajua mume na mke wako chumbani, hakuna anayehitaji kujua zaidi. Na tuna sitara, kile kinachofunika ili mtu asiaibike. Mama anayelipa deni la mwanawe bila mtaa kujua amemsitiri. Hakuna mwenye akili atakayesema amefanya jambo la kificho.

Kwa hiyo lugha yetu haina upungufu, kama tulivyodhani pale mezani. Upungufu uko kwetu tunaoitumia. Kijana akitaka kuficha uhusiano hasemi "tufanye kwa kificho". Angesema hivyo msichana angeshtuka. Hasemi hata "tuwe na faragha", maana faragha inajulikana na wenye nyumba. Anakwenda kuazima neno la Kiingereza lenye sura nzuri. Anasema, "Baby, tuwe private."

Ndivyo alivyoambiwa rafiki yangu.

Binamu wa chumba cha nyuma

Sitamtaja, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asijulikane. Mwenyewe amesoma makala hii kabla yako akaniruhusu.

Alikuwa anafanya kazi benki, miaka ishirini na nane, anajitegemea, mcheshi. Akampata kaka mmoja, mhandisi, mtulivu, hana mke wala hajawahi kuoa. Zingatia hilo. Hapa hakuna mchepuko, hakuna nyumba ndogo, hakuna wa kuibiwa. Kikwazo kilikuwa dini. Yeye huku, yule kule, na mama wa yule kaka alishatangaza mapema kwamba mwanawe akileta mtu wa upande ule wasubiri yeye afe kwanza. Basi wakakubaliana wawe "private" mpaka mambo yatulie. Miezi sita, kaka alisema.

Ilikuwa miaka minne.

Walipanga nyumba Tabata, vyumba viwili na sebule. Kodi walichangia nusu kwa nusu, lakini mkataba ulisomeka jina la kaka peke yake. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa maadili, akawauliza wao ni nani. Kabla rafiki yangu hajafungua mdomo, kaka akasema, "Huyu ni binamu yangu, tunasaidiana maisha." Wakacheka sana siku hiyo walipofunga mlango. Tangu hapo majirani walimwita binamu. Muuza duka alimwita binamu. Mama yake kaka akija kutoka mkoani, rafiki yangu alihamisha nguo zake kwenye sanduku na kwenda kulala kwa dada yake Segerea. Alijua kulikunja lile sanduku kwa dakika ishirini.

Mimi nilikuwa mmoja wa watu watatu waliojua. Nilikuwa msiri wake, nikajisikia fahari. Waswahili wanasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, lakini nakuhakikishia yanaweza, ukiwa na nidhamu. Hawa walikuwa na nidhamu ya askari. Hakuna picha ya pamoja. Kwenye harusi za marafiki walikaa meza tofauti. Fedha alizochangia kununua samani na gari dogo alimpa taslimu, ili isionekane kwenye simu ya mtu yeyote.

Kaka alifariki kwa ajali barabara ya Morogoro, siku ya Jumapili.

Rafiki yangu alipewa taarifa na mwenye nyumba. "Pole binamu." Msiba ukawekwa kwa mjomba wa marehemu, Mbagala. Tulikwenda naye. Wanawake wa familia walikuwa ndani, wamekaa mkekani wamemzunguka mama wa marehemu. Mlangoni mama mmoja akatuuliza sisi ni wa upande gani. Mimi nilimwangalia rafiki yangu. Akasema, "Tulifanya naye kazi." Tukaelekezwa nje, chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, pamoja na watu wa ofisini. Hapo ndipo alipomlilia mume wake, kwa kiasi kile ambacho mtu anamlilia mfanyakazi mwenzake. Akizidisha kidogo wanageuka kumwangalia.

Siku ya nne ndugu walikwenda Tabata na pikapu. Walimkuta. Walimheshimu sana, wakamwambia binamu samahani tunachukua vitu vya ndugu yetu. Ila wao walijua hawana binamu kama huyo, na mmoja wao, kijana, akaanza kumwangalia kwa namna nyingine. Hakubishana nao. Angebishana kwa kutumia nini?

London, miaka ya 1740

Nilipolichimba lile neno la Kiingereza nilishangaa kukuta watu wa kisa hiki walishaishi, karne karibu tatu zilizopita, katikati ya London.

Pale palikuwa na gereza la wadaiwa lililoitwa Fleet. Wakati huo sheria ya Uingereza ilikubali kwamba ndoa ni ndoa hata kama haikutangazwa kanisani na wazazi hawakujua, alimradi wawili wamekubaliana mbele ya kasisi. Ndoa ya namna hiyo ilikuwa halali, ila haikufuata utaratibu, na jina lake lilikuwa hilohilo, "clandestine marriage". Ndani ya Fleet na kwenye vichochoro vinavyoizunguka walikuwepo makasisi waliofungwa kwa madeni. Askofu angewafanya nini zaidi? Wakageuza kufungisha ndoa kuwa biashara. Vilabu vya pombe vya jirani viliweka mabango yenye picha ya mkono wa mwanamume na wa mwanamke iliyoshikana, na chini yake maandishi kwamba hapa tunafungisha ndoa. Vijana wa kupiga debe walisimama barabarani kuita wateja, kama stendi ya mabasi. Kufikia miaka ya 1740 ndoa za Fleet zilikuwa maelfu kila mwaka.

Usidhani wote walikuwa na uovu. Wengine walikuwa mabaharia wanaoondoka kesho. Wengine hawakuwa na fedha za harusi. Wengine walikimbia baba mkali. Lakini ndoa hizo ziliandikwa kwenye vidaftari vya mfukoni, na tarehe ilirudishwa nyuma kwa anayelipa, hasa pale tumbo lilipoanza kuonekana. Vingi vya vidaftari hivyo bado vipo, vimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa huko Kew, London. Sasa fikiria mwanamke ambaye mume amekana. Au mume amekufa, na ndugu wamekuja na pikapu ya zama hizo. Kasisi yuko wapi? Amelewa, au amekufa. Kidaftari kiko wapi? Na kikipatikana, nani atakiamini, wakati mji mzima unajua kwamba tarehe zake zinanunuliwa?

Mwaka 1753 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzuia ndoa hizo, inayojulikana kwa jina la Lord Hardwicke, aliyekuwa Lord Chancellor. Ilianza kutumika tarehe 25 Machi 1754. Ndoa sasa lazima itangazwe kanisani au iwe na leseni, na iandikwe kwenye rejista yenye saini za maharusi, za mfungishaji na za mashahidi wasiopungua wawili. Kasisi atakayekiuka anahamishwa kwa nguvu kwenda Amerika miaka 14. Wayahudi na Waquaker waliachwa na taratibu zao.

Nisiwapambe waliotunga sheria hiyo. Wengi wao walikuwa na mali, na walichoogopa ni binti tajiri kutoroka na kijana asiye na kitu. Ndiyo maana kijana wa chini ya miaka 21 aliyetaka kuoa kwa leseni alitakiwa kuwa na ridhaa ya mzazi. Na wapenzi hawakushindwa. Sheria haikugusa Scotland, kwa hiyo wakapanda farasi mpaka Gretna Green, kijiji cha kwanza ukivuka mpaka, ambako wahunzi walijipatia jina kwa kuwaozesha. Ilibidi ifike mwaka 1856 ndipo ikatungwa sheria ya kumtaka angalau mmoja wa wawili hao awe ameishi Scotland siku 21 kwanza.

Lakini ukiondoa hofu za matajiri, hebu angalia dawa waliyoipata: tangazo, rejista, mashahidi wawili. Hakuna hata kimoja kinachouliza kama mnapendana. Vyote vinauliza nani mwingine anajua.

Sheria inataka kujua majirani walisema nini

Huku kwetu ni hivyohivyo, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu watu wengi wana nusu ya habari. Utasikia kijiweni, "Mkikaa miaka miwili mmeshakuwa mke na mume." Nimewasikia hata watu wa shahada mbili wakisema hivyo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, ndiyo inayotaja hiyo miaka miwili. Inasema ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika mazingira yaliyowafanya wapate sifa ya kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana, isipokuwa mtu alete ushahidi wa kupinga. Kijiweni wanakumbuka miaka. Wanasahau sifa. Sifa hiyo huwezi kujipa mwenyewe. Wanakupa mwenye nyumba, muuza duka, wifi, jirani wa ukuta mmoja. Ni wao watakaosimama kusema, ndiyo, tuliwajua kama mke na mume.

Rafiki yangu alikwenda kwa wakili. Alikuwa na miaka minne, mara mbili ya inayotakiwa. Wakili, mama mmoja mtulivu, akamuuliza nani aliwajua kama mume na mke. Akataja watu watatu, mimi nikiwemo. Wote wa upande wake. Mwenye nyumba je? Mwenye nyumba angeapa kwa Mungu wake kwamba huyu ni binamu. Na angekuwa anasema kweli aliyoambiwa.

Kenya wamefika palepale kwa njia ya mahakama. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa hukumu katika kesi inayojulikana kwa herufi tu, MNK na POM, ikaeleza mambo ya kutazama kabla ya kudhani kwamba watu wameoana. Mojawapo ni kwamba wawili hao walijionyesha kwa ulimwengu wa nje kuwa ni mke na mume. Majaji wakaongeza kwamba dhana hiyo itumike kwa nadra. Kwa hiyo yule clande wa South B, hata akae miaka kumi, na hata kama huyo jamaa hakuwa na mke mwingine, ile kazi nzuri waliyoifanya ya kujificha ndiyo itakayosoma ushahidi dhidi yake.

Basi tuanike kila kitu?

Hapana. Najua kuna msomaji ameshaanza kumwandalia mwenzie hotuba. Subiri.

Kuna siri zinazookoa. Mwanamke anayepanga kumkimbia mume anayempiga ana haki ya kuficha nauli, kuficha begi, kuficha hata kwamba amewahi kufikiri kuondoka. Kuna familia ambazo kijana akileta habari kabla ya wakati anaharibu kila kitu. Na kuna wapenzi wa ofisi moja ambao hawadaiwi na mtu maelezo ya Jumamosi yao, ingawa kama mmoja ni bosi wa mwenzie hiyo habari ni nyingine na mwandishi wetu ameieleza ukurasa unaofuata. Wala sikwambii uweke picha za mpenzi wako mtandaoni. Mimi mwenyewe mume wangu hamjui mtu huko, na hatujambo.

Mimi nauliza swali moja tu, na ningependa mtu angemuuliza rafiki yangu mwaka wa kwanza, badala ya kukaa nikijivunia usiri wangu. Siku mmoja wenu akianguka, nani mwingine anajua? Kama upande wake hakuna hata mmoja, hata dada, hata rafiki, hata shangazi asiyekupenda, basi hiyo si faragha. Faragha ina wenye nyumba sebuleni wanaojua mko ndani. Hapo ndipo lile neno la Kiingereza linapoingia, hata kama hamna kosa lolote mnalofanya.

Na angalia gharama inalipwa na nani. Kaka alikuwa na nyumba, mkataba, gari, mama, kabila zima la ndugu. Aliyekuwa akikunja sanduku ni mmoja tu. Nimeuliza wanawake wengi kuhusu hili tangu wakati ule, na wanaume wawili, na kila mara nakuta ficho linaegemea bega moja. Mmoja anafichwa, mwingine anaficha. Hata tukisema "tumekubaliana".

Huyu kaka simchukii. Alimpenda, nilimwona. Nadhani alikuwa anasubiri mama yake alainike, na alidhani ana muda.

Neno tulilofikia kwenye ile makala ya ofisini, kama utataka kujua, ni "uhusiano wa kificho". Mhasibu bado anasema ni wizi.

Rafiki yangu sasa anaolewa. Mchumba wake, mtu wa mikutano na safari, alitaka wafanye jambo dogo la haraka, watu wanne, chakula, basi. Akamwambia sawa, watu wawe wanne, lakini tutakwenda bomani. Sheria inataka notisi itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na notisi inatangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Wakajaza fomu. Jumatano iliyopita akiwa njiani kwenda kazini akapita ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akasimama mbele ya ubao wa matangazo katikati ya watu wanaosubiri huduma, akatoa simu. Picha aliyonitumia imetoka imepinda, na mwanga wa kioo umefunika nusu ya karatasi. Majina yote mawili yanasomeka.